Mwandiko wa Bi Augusta

Melini *Arabella Dunn*, gati la Vicksburg
4 Machi 1854

Kwa Bi Augusta Wetherby, Natchez

Bibi,

Utanisamehe au utaichoma karatasi hii. Kazi yangu ni kuweka dau bila kujua mwenzangu ameshika nini.

Mimi ndiye uliyekaa naye meza moja siku mbili, kutoka Memphis hadi kwenu Natchez. Nilikwambia mimi ni mfanyabiashara wa pamba. Nilikudanganya. Mimi ni mcheza kamari. Kutoka St. Louis mpaka New Orleans hakuna meza ya karata isiyonijua, na kwa miaka kumi na mitano mikono yangu haijatetemeka hata siku moja. Lakini uliposhuka gatini na gauni lako la ujane, ukageuka mara moja tu, nilirudi mezani nikapoteza dola mia sita kwa mfuga nguruwe.

Sikuombi kitu ila ruhusa ya kukuandikia.

Wako mnyenyekevu,
Leander Pickett


Natchez, 19 Machi 1854

Bwana Pickett,

Mpe mfuga nguruwe salamu zangu za pongezi.

Nilijua hufanyi biashara ya pamba. Mwenye pamba hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kutaja mvua, na wewe kwa siku mbili hukuitaja hata mara moja. Tena umeandika kwamba mikono yako haitetemeki. Ilitetemeka. Ulikuwa umeinua kikombe, ukakirudisha, ukajifanya kahawa ni ya moto.

Niandikie ukipenda, ila kwa sharti. Wanaume wa hapa Natchez wananidanganya kila siku, tena bure, bila hata gharama ya stempu. Wewe katika kila barua niambie jambo moja la kweli, hata likiwa dogo kama punje. Nami nitakulipa kwa la kwangu. La leo ni hili: muda wote ule nilikuwa nakutazama, na hukujua.

Augusta Wetherby


Natchez, 20 Machi 1854

Kaka Absalom,

Nimempa barua hii yule mpakia kuni wa gati letu. Ukiisha kuisoma ichome. Wajua sheria inavyoufanya mkono mweusi ulioshika kalamu.

Yule mcheza kamari wa melini mwenu, Pickett, amemwandikia Bibi. Bibi alicheka mpaka nikamlegezea kamba za gauni. Kisha akanitupia karatasi. "Lavinia, mjibu wewe. Kuandika kunaniumiza kichwa. Mchezee kidogo tuone atarukaje."

"Nimwambie nini, Bibi?"

"Chochote. Mwambie nampenda mbwa wake."

"Hana mbwa, Bibi."

"Basi mpe mmoja!"

Si jambo jipya. Tangu marehemu Bwana Wetherby alipoanza kupofuka, akanifundisha nimsomee magazeti na kumwandikia barua zake, kila barua inayotoka nyumba hii ni ya mkono wangu. Bibi hakunikataza, maana mwandiko wake yeye ni kama kuku aliyekanyaga wino. Pickett hajawahi kuuona. Na siku zile mbili melini nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Bibi, kwa hiyo hata niliyomwandikia si uongo.

Wewe unayemnyoa kila asubuhi, hebu niambie, ni mtu wa namna gani?

Mdogo wako,
Lavinia


Melini *Arabella Dunn*, 2 Aprili 1854

Mdogo wangu,

Ni mtu anayelipa vizuri na kutulia nikiwa shingoni mwake; kwa kinyozi hiyo ni sifa tosha. Ila juzi hakutulia. "Absalom," akaniambia, "umewahi kusikia mwanamke anasema hivi?" Akanisomea barua nzima, povu limemjaa midomoni. Nilijua ni wewe kabla hajafika mstari wa tatu. Hilo la mvua umelirithi kwa Mama.

Nikasema, "Huyo mwanamke ana akili, Bwana."

"Akili! Huyu ni malaika!"

"Na malaika nasikia wanazo, Bwana."

Akacheka, akaniongezea nusu dola.

Sasa nisikilize. Huyu mtu nimemwona akimnyang'anya kijana mmoja saa ya marehemu baba yake kwa karata ya ree aliyoificha kwenye mkono wa koti. Kisha akamnunulia chakula cha jioni, akampigapiga mgongo, na machozi yakamlenga kweli. Hakujifanya. Akikuumiza atakuhurumia, na bado atakuwa amekuumiza.

Mimi nilijinunua kwa miaka kumi na mmoja ya ndevu za watu. Pesa za kukununua wewe zinakuja. Bibi yako anataka elfu moja na mia mbili kwa fundi wa kushona kama wewe, na nimefika nusu. Mwandikie huyo mtu habari za hali ya hewa. Usiniharibie.

Absalom


Melini *Arabella Dunn*, 30 Mei 1854

Augusta yangu, maana umenikubalia niseme hivyo,

Jambo la kweli la leo sijamwambia mtu. Baba yangu alikuwa mhubiri kule Kentucky. Nilipotimiza miaka kumi na saba nilimwibia farasi, wa pekee aliyekuwa naye, nikamwacha aende mazishini kwa miguu, maili saba, mvua inanyesha. Alikufa kwa kifua mwezi uliofuata. Nilipata habari nikiwa mezani, na nilimaliza mchezo kwanza.

Unaona unavyonifanya? Nilitaka kukusifia macho, nimejikuta naungama. Nimekwisha kupata barua zako saba, na nikifungua kila moja naona aibu kama mtu aliyefumaniwa anaoga. Watu wote wa mto huu hunitazama mikono. Wewe pekee umenitazama mimi.

Niruhusu nije Natchez.

Leander


Natchez, 11 Agosti 1854

Leander,

Usije bado. Usiniulize kwa nini.

La kweli la leo. Nilikuwa na miaka saba nilipotenganishwa na mama yangu. Ilikuwa Jumanne. Alikuwa anapika maharage, akaitwa langoni. Akaniambia, "Nakuja sasa hivi, usiyaache yaungue." Niliyakoroga mpaka giza likaingia. Sikuthubutu kwenda kutazama langoni, maana aliniambia nisiyaache. Mpaka leo sijui walimpeleka upande gani.

Baba yako asingekulaani kwa ajili ya farasi. Nadhani njia nzima alikuwa anawaza kama umekula.

Nina ombi moja. Nina mjakazi, jina lake Lavinia, rika langu. Ndugu yangu Roscoe hucheza karata vibaya, na akiishiwa huweka mezani hata kisicho chake. Kama siku moja bahati ikimtia mjakazi huyo mikononi mwako, mwandikie hati ya uhuru na umshushe ng'ambo, upande wa Ohio. Utakuwa umenifanyia mimi. Na hata tukionana ana kwa ana usinitajie, nitakana.

A.


Natchez, 12 Agosti 1854

Kaka,

Utanikasirikia, kwa hiyo nasema haraka. Nimempa maharage ya Mama.

Bibi hazisomi tena. Nikimpelekea asema, "Endelea, endelea," huku anajipaka poda. Nikiandika kwa jina lake, nasema ninavyofikiri. Nikisema kwa jina langu, nasema, "Ndiyo, Bibi." Hebu nieleze, wapi kati ya hapo ndipo ninapodanganya?

Nimemwomba, kwa jina la Bibi, anikomboe ikitokea nafasi. Mtu aliyeniandikia alichoniandikia mwezi Mei hatashindwa na jambo hilo. Kaka, anajua ninavyocheka. Hajawahi kunisikia, lakini ameandika, "Hapa najua umecheka," na kweli nilikuwa nimecheka.

Lavinia


Memphis, 9 Septemba 1854

Lavinia,

Naandika nimelala. Homa imenishika, meli imeondoka bila mimi, na daktari asema nisisimame mpaka Novemba.

Huyo mtu anampenda mwanamke mweupe mwenye nyumba ya ghorofa na gauni la hariri. Mtoe mwanamke huyo ndani ya zile barua, uone kitabaki nini cha kupendwa. Kitabaki wewe. Na wewe, mdogo wangu, mtoni humu una bei tu.

Acha kabla hajajua.

Absalom


Baton Rouge, 5 Oktoba 1854

Kwa Bi Augusta Wetherby, hotelini, New Orleans

Augusta,

Kuna Mungu wa wacheza kamari! Nilisikia umekwisha kushuka New Orleans kwa ajili ya msimu, na jana nani kapanda meli yetu pale Natchez? Ndugu yako Roscoe, anakuletea masanduku yako ya nguo pamoja na mjakazi wako. Alikaa mezani saa nane mchana. Ilipofika saa kumi na moja hakuwa na kitu mfukoni, akasema, "Basi naweka yule msichana." Mkono wangu haukuhitaji hila yoyote, nakuapia.

Kwa hiyo Lavinia wako ni wangu kwa karatasi. Nakumbuka ombi lako la Agosti, neno kwa neno. Wakili yupo hapa gatini. Hati ya uhuru ni kazi ya nusu saa. Ila uliniambia utakana, na sitaki kufanya jambo zito hivi bila kupata neno lako. Niandikie "ndiyo" tu. Meli imesimama hapa siku tano kwa ajili ya bomba lililopasuka.

Leander wako


New Orleans, 8 Oktoba

Bwana Pickett

Nimepata barua yako. Sikumbuki kuomba jambo kama hilo na wala singeomba. Uhuru wa nini. Roscoe ni mjinga lakini karata ni karata, msichana ni wako.

Amekuwa na kiburi siku hizi na ana mdomo. Nisingependa arudi Natchez wala huku mjini akaanza kusimulia mambo ya nyumbani kwangu. Muuze mashamba ya miwa, huko hawapati nafasi ya kusimulia. Ukimaliza njoo unione hotelini.

A. Wetherby


Donaldsonville, 11 Oktoba 1854

Mpenzi wangu Augusta,

Imekwisha. Nimemuuza leo asubuhi shamba la Saint-Aubin, elfu moja na mia moja, na pesa yote nimeitia kwenye pete utakayoiona Alhamisi.

Mwandiko wako wa safari hii ulinishtua kidogo; nadhani taa za hotelini ni mbovu, au ulikuwa umechoka. Mjakazi alisema maneno ya kipuuzi kabla hatujashuka. Watu wa aina hiyo wakiona wanauzwa hushika chochote. Sikumsikiliza.

"Njoo unione." Nimesoma maneno hayo mara arobaini.

Leander


Shamba la Saint-Aubin, 2 Novemba 1854

Kaka Absalom,

Naandika nyuma ya karatasi ya gunia. Mpakia kuni wa gati la hapa anakufahamu, amesema itakufika.

Roscoe alinipoteza kwenye karata. Nilipoambiwa nani kanipata, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilingoja siku saba katika chumba cha mizigo, najisemea leo ataniita na hati. Siku ya saba akaniita kweli. Alikuwa na barua ya Bibi mezani, ya mkono wake mwenyewe. Akasema bila kunitazama, "Bibi yako ameamua uende kwenye miwa."

Nikamwambia, "Bwana, barua za Natchez nimeziandika mimi."

Akacheka. "Nani kakufundisha kusema hivyo? Roscoe?"

"Nilikuwa nyuma ya kiti. Kikombe kilitetemeka mkononi mwako."

"Bibi yako alikusimulia."

"Na farasi wa baba yako? Nilikuandikia kwamba njia nzima aliwaza kama umekula. Bibi hajui hata kama ulikuwa na baba."

Akaitazama ile barua ya Bibi mezani. Kisha akanisogezea kalamu na karatasi. "Andika."

Niliandika: *Alikuwa anapika maharage, akaitwa langoni.* Aliichukua akaiweka kando ya barua ya Bibi. Kaka, aliona. Mtu anayeishi kwa kusoma nyuso za watu, mimi nami niliusoma wake. Aliona, na nilimwona anakumbuka barua zote, moja moja, na mimi nimesimama mbele yake nikiwa na kitambaa kichwani na jasho la chumba cha mizigo.

Akauliza polepole, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Bwana."

"Vizuri." Akaitia ile karatasi ndani ya jiko.

Nikasema, "Leander." Sikuwahi kulitamka jina hilo kwa sauti.

Alinipiga mdomoni. Kisha akakaa chini akalia kama mtoto, anasema, "Unaniibia. Nilikuwa na mwanamke wangu, wewe unaniibia." Nilibaki nimesimama. Sikujua kama natakiwa kumfuta machozi. Alipomaliza kulia akanawa uso, akavaa koti, akanipeleka gatini, akaninadi mwenyewe. Aliwaambia najua kushona tu.

Msimu wa kusaga umeanza. Nimewekwa kinuni, kulisha miwa. Uliniambia niache kabla hajajua. Sasa amejua.

Lavinia


New Orleans, 20 Novemba 1854

Bwana Pickett

Tafadhali acha kukaa ukumbini kila siku na maua, watumishi wa hoteli wanauliza. Tarehe nne mwezi ujao naolewa na Bwana Percival Landry, ambaye ana mashamba ya sukari na hachezi karata.

Pete nimekurudishia, ni ndogo. Kuhusu barua nilidhani unajua ni mchezo. Sijaandika hata moja, alikuwa anaandika yule msichana, tulikuwa tunacheka sana. Au mimi nilikuwa nacheka. Ulipouliza ya kumkomboa ndipo nikajua alikuwa anajiandikia mambo yake, ndiyo maana nikakwambia umuuze. Umenisaidia.

A. Wetherby


New Orleans, 6 Januari 1855

Kwa Lavinia, shamba la Saint-Aubin, kwa mkono wa nyapara

Lavinia,

Nimekusamehe kwa kunidanganya. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Ya Oktoba sina la kusema. Mtu hucheza karata aliyoishika. Lakini ni miezi mitatu sasa sipati barua, na sikujua kama mtu anaweza kuumwa kwa kukosa karatasi. Nimejaribu wanawake wengine. Wananiandikia habari za kofia. Nachukua zako za zamani, nimezisoma hata hazinipi kitu tena, kama karata ninazozijua mgongo na uso.

Nataka kukununua. Nitakupangia chumba hapa mjini chenye meza na dirisha linalotazama mto. Sitakugusa, kama ndilo unaloogopa. Sitakuja hata kukuona. Mimi nitakuwa melini, nawe utaniandikia kila wiki, kama zamani, na jambo moja la kweli. Chini weka jina upendalo. Ningependelea la Augusta.

Niandikie mistari miwili tu nijue umekubali.

L. Pickett


Shamba la Saint-Aubin, 15 Januari 1855

Bwana Pickett,

Barua yako imefika. Watu wa shamba hawaruhusiwi kupokea barua, kwa hiyo mimi mwenyewe nilimsomea mwanamke Lavinia, uwanjani, mbele ya wenzake. Hakutoa jibu.

Ni wajibu wangu kukuarifu kwamba kwa shughuli uliyoitaja hafai. Tarehe 17 Novemba, zamu ya kinuni, mkono wa kulia uliingia pamoja na miwa kati ya magurudumu ya kinu. Shoka hukaa karibu kwa ajili hiyo, akakatwa chini kidogo ya kiwiko ili asivutwe mzima. Amepona vizuri. Anabeba maji.

Kama bado unamtaka, bei yake sasa ni dola mia na hamsini. La sivyo, tunao wengine wenye mikono miwili.

T. Guidry, nyapara


New Orleans, 20 Januari 1855

Bwana Guidry,

Nashukuru kwa taarifa. Sitamhitaji.

L. Pickett


Cincinnati, Ohio, 9 Aprili 1855

Bwana Pickett,

Mimi ni Absalom Greer, kinyozi wako wa *Arabella Dunn* kwa miaka sita. Hukujua kwamba Lavinia ni mdogo wangu. Hukuuliza.

Niliposimama kutoka kitandani nilipata barua yake, na nilipofika Saint-Aubin ilikuwa Februari. Nilikwenda na akiba yangu yote, dola mia saba na arobaini, nikijua hazitoshi. Nyapara alicheka, akaniambia hata mia na hamsini ni nyingi. Kuna bwana mmoja wa melini aliandika kumtaka, kisha akamkataa kwa bei hiyohiyo. Akanionyesha barua yako. Lavinia akaomba aione. Aliisoma, akaikunja kwa meno na ule mkono mmoja, akaitia kifuani. Nimemwambia aitupe. Bado anayo.

Kutoka hapo mpaka Cairo, pale mto wa Ohio unapoungana na mto wetu, hakusema neno. Nilidhani ni kifo cha roho, nimekwisha kukiona kwa watu waliotoka kwenye miwa. Tulipovuka kuingia Ohio nikampa hati yake ya uhuru mkononi, nikamwambia, "Haya, umefika." Akaitazama, kisha akaniuliza, "Yule bwana bado yuko mtoni?"

Nikasema, "Bwana yupi?"

"Wajua yupi."

"Lavinia, yule mtu alikuuza. Alijua ni wewe akakuuza."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kisha akaambiwa umekatwa mkono, akaandika neno moja."

"Mawili, Kaka. Kwanza alishukuru." Akageukia dirishani. "Halafu halali usingizi, yule. Akipoteza halali. Alinieleza."

Nilitoka nje nikatapika, Bwana Pickett, mimi mzee wa miaka arobaini na mmoja.

Tunakaa juu ya duka ninapofanyia kazi. Anaosha vitambaa vyangu kwa mkono mmoja, anaimba kidogo, watu wa kanisani wanampenda. Jioni hukaa mezani akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni herufi zilikuwa zinaanguka kama walevi. Sasa zimesimama. Nilimuuliza anajifunza ili amwandikie nani, maana mimi nipo hapa ndani. Alijibu, "Kwa ajili ya kujua tu."

Kwa hiyo sikuandiki kukutukana. Nasikia umerudi mezani na kwamba unashinda. Nasikia pia huwaambia watu kuwa kuna mwanamke aliyewahi kukuandikia barua zisizo na mfano, na kwamba amekufa. Endelea kuwaambia hivyo.

Mji huu si mkubwa, na sisi vinyozi tunajulikana; ukitaka kumpata, ndani ya siku moja utampata. Mimi katika maisha yangu nimejizoesha kutomwomba mzungu kitu chochote ninachoweza kukinunua. Hiki siwezi kukinunua. Nakuomba, kwa Mungu wa baba yako au kwa lolote unaloliogopa, usimwandikie.

Ukimwandikia, atakujibu.

Absalom Greer